Shimo la Matope Nyuma ya Tangi

Mama yangu mpendwa, na wewe Baba unayemsomea,

Shikamooni. Natumaini barua hii inawakuta barazani kwa Kaka, Mama ukiwa na ile miwani yako nyeusi, na Baba ukiwa umeishika karatasi mbali na uso kama mtu anayeogopa itamng'ata. Jicho linaendeleaje? Kaka alinipigia juzi akasema daktari ameridhika, kitambaa kimeondolewa, ila Mama umekatazwa kusoma na kuinama kwa wiki sita. Kusoma naamini utatii. Kuinama sina hakika. Kaka, kama uko karibu, mfiche ufagio.

Mimi ni mzima. Paa halijavuja. Jirani wa geti la bluu bado anasikiliza redio kwa niaba ya mtaa mzima. Binamu yangu anawasalimu sana. Jino limeng'olewa na sasa anatafuna upande mmoja na kulalamika kwa pande zote mbili.

Mtashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama utanikatiza, Baba utamwambia aniache nimalize, mtaanza kubishana ninyi wawili na mimi nitabaki nikisikiliza. Habari hii ni ndefu na ni lazima ifike mwisho. Niseme mapema ili presha isipande: imeisha vizuri. Moyo wangu, ambao kwa wiki mbili ulikuwa umekaa kooni, umerudi mahali pake.

Mnajua nilivyoanza kulea watoto hapo sebuleni mwaka jana, nilipochoka kupeleka vyeti ofisi hadi ofisi. Mlipoondoka kwenda kwa Kaka walikuwa watatu. Sasa ni sita. Kuna pacha wa kike wa miaka mitatu, wanaofanana kama punje mbili za mahindi. Mama yao ni karani wa mahakama, mwanamke mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Kuna mvulana tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu hutembea mikono nyuma kama mtu aliyekuja kukagua daraja. Baba yake ni dereva wa lori. Kuna Bi Kwanini, ambaye huanza kuuliza kabla hajavuka kizingiti, naye hulelewa na bibi yake. Wawili wengine ni wadogo, bado wanatembea kwa hisani ya kochi.

Muda mfupi baada ya ninyi kuondoka, nilikuwa na mtoto mwingine, wa fundi cherehani. Siku moja mama yake alikuja jioni akamkuta ana rangi ya maji hadi kwenye nyusi, na soksi zake nyeupe zimekuwa za kijani. Akaniambia mbele ya wazazi wenzake kwamba yeye aliniletea mtoto, mimi nimemrudishia makanika. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na kesho yake hakumleta, wala kesho kutwa, hadi leo.

Jioni ile niliingia chumba cha mbele, ulimokuwa ukipiga pasi nguo za wateja, Baba. Bango lako bado liko ukutani, na zile herufi ulizoandika kwa mkono: NGUO YA MTU NI AMANA. HURUDI KAMA ILIVYOKUJA, ILA SAFI ZAIDI. Nililitazama muda mrefu, nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni akili.

Kuacha michezo ya kuchafuka sikutaka. Mngemwona Mheshimiwa mngenielewa. Alikaa kwangu miezi miwili bila kutoa neno. Baba yake alishasema labda mtoto ana ulimi mzito. Siku moja nilichimba kishimo nyuma ya tangi la maji, nikachekecha udongo, nikamwaga maji nusu ndoo. Wenzake wakarukia. Yeye alizunguka mara tatu, mikono nyuma, akakagua. Kisha akachuchumaa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akanitazama, akasema kwa sauti kavu kabisa, kama mtu aliyekuwa akinisubiri nimalize ujinga wangu: "Ongeza maji." Mama, niliongeza maji huku nalia.

Basi nikapanga hivi. Asubuhi wazazi wakishaondoka, mimi na Binamu tunawavua watoto nguo zao, tunazikunja, kila mtoto na rafu yake, tunawavisha mashati makubwa ya zamani yanayowafika kwenye vifundo vya miguu. Wanacheza. Matope, unga uliokandwa, maji, rangi, majani yaliyopondwa. Saa tisa tunawaogesha, tunawapaka mafuta, tunawachana nywele, tunawarudishia nguo zao. Saa kumi na moja wazazi wanapofika, watoto wanang'aa kama sufuria ambazo hazijawahi kuona moto. Bibi yake Bi Kwanini alikuwa akisema kwamba wajukuu wengine wakirudi kutoka shuleni inabidi uwatambue kwa sauti, lakini huyu wake anarudi kama alivyotoka kabatini. Nilitabasamu. Kila sifa ilinifurahisha kidogo na kunichoma kidogo.

Lakini watoto wana midomo. Kwa hiyo nikabuni mchezo. Kabla ya kuvaa nguo zao, tunakaa duara na kuweka kidole kwenye midomo. Nauliza, matope ya nani? Wanajibu, yetu! Nauliza, tunamwambia nani? Wanajibu, hakuna! Kisha nanong'ona, hii ni nini? Nao wananong'ona wote pamoja, wakijikunja kwa raha: siri! Niliwafundisha vizuri. Hata wale wadogo wasiojua kusema maji walijua kuweka kidole mdomoni. Mimi, niliyesoma malezi ya watoto miaka mitatu, niliyefanya mtihani juu ya jambo hili hili na kufaulu, sikusikia nilichokuwa nikikisema.

Jumanne moja maji yalikatika mtaani, na tangi likakauka katikati ya kuoga. Binamu alikuwa kwa daktari wa meno. Nilikuwa na ndoo mbili, watoto sita wenye matope ya kushiba, na saa iliyokuwa ikikimbia kana kwamba nayo inafukuzwa. Niliogesha na kuvisha, nikaogesha na kuvisha. Saa kumi na moja kasoro dakika tano wote walikuwa wamekaa mkekani wakiwa safi. Nilijisifu.

Jambo nisilolijua wakati ule ni kwamba mama wa pacha ameshona uzi ndani ya ukosi wa kila fulana: mwekundu kwa mmoja, wa kijani kwa mwenzake. Mmoja ana ngozi nyepesi ya kuwasha na nguo zake hufuliwa kwa sabuni yake peke yake. Jioni ile aliwavua wanawe akakuta wa uzi mwekundu amevaa uzi wa kijani, na wa uzi wa kijani amevaa mwekundu. Magauni yalikuwa sawasawa. Fulana za ndani zilikuwa zimebadilishana.

Kesho yake pacha hawakuja. Wala Alhamisi. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikatuma ujumbe kuuliza kama wanaumwa, ukasomwa, usijibiwe. Binamu akasema labda wamesafiri. Nami nikajiambia hivyo hivyo, lakini usiku nilikuwa nahesabu upya: nilimkwaruza mmoja? Kuna matope yalibaki sikioni? Niliogopa matope, Mama. Sikujua kwamba kuna kitu kikubwa zaidi cha kuogopa.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuja peke yake. Hakupita getini, alipita mlango wa uani ambao sisi wenyewe hatuufungi mchana, wala hakubisha hodi. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya tangi, matope hadi kwenye viwiko, na watoto wanne wamevaa mashati marefu kama mahakimu wadogo waliojaa udongo hadi masikioni. Alisimama. Mheshimiwa ndiye aliyemwona kwanza, akainuka, akaweka mikono nyuma, na akamjulisha kwamba bado hapajaiva.

Mama wa pacha hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini nani mwingine anaishi katika nyumba hii. Nikamwambia mimi na binamu yangu wa kike, yule pale anayeanika taulo. Akauliza kama kuna mwanamume yeyote anayeingia. Nikasema wazazi tu, jioni, getini. Akauliza kwa nini wanawe wanavuliwa nguo. Hapo ndipo nilipoanza kuona mahali maswali yake yalikokuwa yakielekea.

Nilimweleza yote. Mashati, rafu, kuoga, mafuta. Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaniambia kwamba aliwauliza wanawe, kwa upole wote alio nao, nani amewavua, na wote wawili waliweka kidole mdomoni wakacheka. Alipowabembeleza zaidi, yule wa uzi mwekundu alimwambia kwamba Shangazi, ndivyo wanavyoniita, amesema ni siri. Akaniuliza kama najua kazi yake. Nikasema najua, yeye ni karani wa mahakama. Akasema hapana, mimi najua jina la kazi yake tu. Kazi yenyewe ni kukaa na kuandika yale ambayo watoto wanasema mbele ya hakimu, na katika miaka minane ameandika mengi, na karibu yote yanaanzia kwenye neno hilo moja nililowafundisha wanawe kuwa wimbo.

Nilimwambia tu kwamba siri ni hii hapa, shimo hili, na udongo huu, na kwamba aingie kila chumba, afungue kila kabati, aulize kila mtoto. Aliingia. Alikagua nyumba nzima, Mama, hata chini ya kitanda chenu. Aliongea na Bi Kwanini faraghani, na sijui nani alimhoji mwenzake. Aliporudi uani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa mikono, akalia kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameubeba siku tatu bila kulala. Halafu akaanza kucheka, kilio na kicheko pamoja, akisema matope, ni matope tu, jamani ni matope. Mmoja wa wale wadogo akamwendea, akamwekea donge la udongo mapajani kwenye sketi yake ya kazini. Akalipokea kwa mikono miwili.

Lakini alipoinuka hakuwa amenisamehe. Alisema matope hayana kesi naye. Kwa ngozi ya mwanawe ataniletea mafuta na maelekezo. Siri ndiyo hataki kuisikia tena. Akanipa masharti: niwaambie wazazi wote mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya Jumapili. Nisipowaambia atawaambia yeye, na yeye huandika kila kitu.

Jumamosi niliwaita. Walikuja wote, wakakaa sebuleni kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamegusana na videvu. Nilisimama nikasema. Nilianza na matope, nikamalizia na siri, na hapo hapakuwa na pa kujificha tena.

Zogo lilikuwepo, siwadanganyi. Baba yake Mheshimiwa alisema yeye analala barabarani siku nne kwa wiki ili mwanawe ajifunze herufi, si kufyatua matofali. Bibi yake Bi Kwanini aliuliza habari za minyoo, kikohozi, na nywele alizozisuka kwa saa tatu huku anaulizwa kwa nini mwezi hauanguki. Mzazi mwingine akauliza mbona nilikuwa nikipokea sifa za usafi bila haya. Hilo liliniingia. Nikamjibu kwamba nilikuwa na haya, ila nilikuwa na woga mwingi zaidi.

Niliwatoa nje nikawaonyesha. Udongo unachekechwa na kuanikwa juani, shimo linafunikwa kwa bati paka wasiingie, kucha zinakatwa kila Jumatatu, mwenye kikohozi au kidonda hachezi na maji. Nikamwambia baba yake Mheshimiwa achuchumae. Alichuchumaa kwa mashaka, na viatu vyake vya safari. Mwanawe alikuwepo, alikuja naye. Alimtazama baba yake, akachora kwa kidole kwenye matope laini mstari mrefu, na mwingine, na maduara manne, akamwambia hilo ni lori, na huyu ndani ni wewe, na hapa ndipo unaporudi nyumbani. Baadaye nilimwona dereva anavua saa yake ya mkononi na kuitia mfukoni, kisha akauliza ndoo iko wapi.

Tumekubaliana hivi. Kila mzazi ameleta nguo za kuchezea za mwanawe, za kuvaa ndani ya yale mashati, na mashati yenyewe ameyaona. Anayetaka mwanawe avishwe kofia ya plastiki nywele zisiharibike, anavishwa. Bi Kwanini anayo, na ameuliza kwa nini. Getini nimetundika ubao, kila jioni naandika tumechezea nini na nani ameogeshwa na nani. Mlango wa uani uko wazi kwa mzazi yeyote saa yoyote. Mmoja tu ndiye aliyesema mwanawe asiguse matope, nami simgusishi. Yeye anakanda unga mezani.

Jumatatu pacha walirudi. Nilikaa na watoto wote duara, nikawaambia Shangazi alikosea. Nikawaambia nyumbani kwetu hakuna tena cha kuficha, na mtu yeyote mkubwa akikuambia usimwambie mama, kamwambie mama mbio. Walinitazama kwa huruma, kama watu wanaosikiliza mlevi. Tumeimba wimbo mpya, "tunamwambia nani? Wote!", na sasa, wazazi wangu, wanasema kila kitu. Wamesema kwao kwamba nakula mkate nimesimama nyuma ya friji. Wamesema Binamu anakoroma mchana. Wamesema nilimwambia jirani wa redio neno ambalo sitaliandika hapa. Mama wa pacha alinisomea orodha nzima getini, uso wake umekauka kama kawaida, halafu akaniambia nisile nimesimama, nitapata kiungulia. Hapo nilijua amenisamehe.

Sasa limebaki la humu ndani mwetu.

Baba, yale mashati. Ni yale ya magunia mawili stoo, ambayo wenyewe hawakuja kuyachukua na wewe hukutaka kuyagawa hata ulipofunga duka, kwa sababu mtu anaweza kukumbuka. Nimekata mikono ya mashati kumi na moja. Vibandiko vya namba sikuvitupa. Nimevitunga kwenye waya. Mwenye shati akitokea na risiti yake ya miaka tisa, nitamwonyesha shati lake na mtoto aliyemo ndani.

Mama, uliponiuliza habari za maua yako ya nyuma ya tangi nilikujibu yanapendeza. Yanapendeza, ila kwenye makopo ya rangi. Niliyang'oa yote kumi na mawili kupata nafasi ya shimo. Manane yameshika.

Na la mwisho. Ijumaa ile kabla hajaondoka, mama wa pacha aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuwaambia watoto watunze siri. Nilisema sijui. Nilijua.

Baba, kila Jumatano ulipokuwa ukienda hotelini kuchukua mashuka machafu, Mama alikuwa akinivua gauni langu jeupe, akaning'iniza kwenye tawi la mpera, gauni yaani, na kunipeleka pale pale nyuma ya tangi. Alikunja gauni lake na yeye akaingiza miguu. Tulipika vyungu, tulifuga mamba wa udongo. Mama alicheka kicheko ambacho ndani ya nyumba sikuwahi kukisikia. Kisha aliniogesha, akanipaka mafuta, akaweka kidole mdomoni: Baba yako asijue. Wewe ulirudi na harufu ya pasi, ukaninusa utosini, ukaniita Sabuni, ukawaambia wateja kwamba huyu wangu hajawahi kuchafuka tangu azaliwe. Uchafu wa watu, ulisema, unakuletea mkate. Wa nyumbani haukuletei kitu.

Sikukulaumu kwa hilo, hata leo. Nililipenda jina lile. Lakini kila uliponiita nilifurahi na kuogopa vyote pamoja, kwa sababu nilidhani unampenda msichana mwingine, yule safi, na kwamba siku utakayojua kuhusu Jumatano utamtafuta na usimwone. Siri ya Mama ilikuwa tamu, wala haikuwa na ubaya wowote. Ila hata iliyo tamu nimeibeba miaka ishirini, na ilipofika kwa watoto wa watu karibu inipeleke mahakamani.

Mama, najua sasa hivi umenyoosha mkono uichukue barua hii. Baba, usimpe, amekatazwa kusoma. Wala usimkasirikie. Muulize jinsi ya kutengeneza mamba.

Mkirudi, msipite getini. Piteni mlango wa uani, uko wazi. Nimewatengea mashati mawili ambayo sikuyakata mikono.

Nisalimieni Kaka, wifi, na wapwa zangu wote, na mwambieni daktari wa macho namshukuru. Binamu anasema tena anawasalimu, kwa upande mmoja wa mdomo.

Ni mimi binti yenu, ninayependa bado kuitwa hivyo,

Sabuni